Nani ashike ufunguo wa mfereji wa intaneti?

Mpenzi msomaji, umewahi kununua maji kwa mwenye mkokoteni? Kama umeishi Nairobi kwa muda, bila shaka umewahi. Siku mfereji unapotoa upepo mtupu, mtungi wa lita 20 uliouzwa jana kwa bei nafuu huuzwa leo mara mbili au tatu. Ukimlalamikia mwenye mkokoteni, atakuambia uwalaumu waliofunga maji. Ukiwaendea waliofunga maji, utaambiwa mabomba yanatengenezwa. Wewe unabaki mlangoni na ndoo tupu.

Nimekumbuka maji kwa sababu ya kisa kilichonipata nyumbani, na kisa chenyewe hakikuwa cha maji. Kilikuwa cha intaneti.

Ijumaa moja jioni, intaneti katika jumba tunalopanga ilikatika. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ninaishi naye na anasoma mwaka wa pili chuo kikuu, alikuwa na kazi ya kumpelekea mhadhiri wake kabla ya saa sita usiku wa Jumapili. Siku hizi kazi hizo hazipelekwi kwa karatasi. Hutumwa kwa mtandao, na saa sita ikigonga, mlango hujifunga wenyewe.

Niliipigia kampuni simu. Sauti nyororo ikaniambia kwamba fundi angekuja Jumatatu. Jumamosi asubuhi nikamwita kijana wa kampuni nyingine ambayo waya wake unapita barabarani, hatua chache tu kutoka lango letu. Kijana akafika na ngazi begani. Msimamizi wa jumba akamzuia pale pale langoni.

"Mama Baraka, tafadhali usinikosanishe na mwenye jumba," aliniambia kwa upole. "Hapa ni kampuni moja tu. Wameelewana naye. Wengine hawana ruhusa ya kupitisha waya."

"Na hiyo moja ikikatika, mzee?"

"Basi tungoje Jumatatu."

Tulinunua bando ya simu. Ikaisha kabla michoro ya kazi ya binti haijamaliza kupanda. Jumapili usiku tukatembea hadi saiba iliyo karibu na steji, tukakuta foleni. Kazi ilitumwa saa sita na dakika kumi na moja. Mhadhiri akakata alama.

"Shangazi, kwa nini serikali isiingilie mambo haya?" binti aliniuliza tulipokuwa tukirudi nyumbani. Jirani yetu, aliyekuwa ametusindikiza, alicheka kicheko kikavu. "Serikali ipi? Ile tuliyoiona Juni 2024?"

Maneno ya wawili hao yamenikaa moyoni tangu usiku ule, na ndiyo ninayotaka tuzungumze leo. Kampuni ikituminya, tunakimbilia serikali. Serikali ikituminya, tunakimbilia kampuni. Je, kati ya hao wawili, nani ashike ufunguo wa mfereji?

Pengine kuna msomaji mmoja atakayesema kwamba intaneti ni anasa ya vijana wa kutazama video. Hebu afikiri tena. Leo ukitaka pasipoti, leseni ya kuendesha gari au cheti cha kuzaliwa, utaelekezwa kwenye eCitizen. Mwanafunzi anayetaka mkopo wa HELB au nafasi ya chuo kupitia KUCCPS hujaza fomu kwenye mtandao. Mama anayeuza nguo za mtumba hupokea maagizo ya wateja kwa WhatsApp. Mtandao ukifungwa, hao wote hufungiwa nje.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa maana vuta nikuvute hii haikuanza jana.

Katika miaka ya tisini, mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu: Shirika la Posta na Simu, KPTC. Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano mwaka 1998, na mwaka uliofuata shirika hilo likagawanywa. Huduma za posta zikaenda kwa Posta, simu zikaenda kwa Telkom Kenya, na kazi ya kusimamia sekta yote ikapewa Tume ya Mawasiliano, CCK. Lakini Telkom Kenya, iliyokuwa mali ya serikali, iliachiwa haki ya kuwa mlango wa pekee wa mawasiliano ya kimataifa hadi mwaka 2004. Kila kampuni ya intaneti ilipaswa kupitia kwake.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Ukituma barua pepe kutoka Westlands kwenda kwa rafiki yako aliye Eneo la Viwandani, na ninyi wawili mnatumia kampuni tofauti, barua hiyo ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikashukia ng'ambo, kisha ikapaa tena kurudi Nairobi. Safari ya maelfu ya kilomita kwa watu wanaoweza kufikiana kwa matatu! Gharama ya safari hiyo ililipwa na wewe mteja.

Kampuni za intaneti zikakaa chini zikashauriana. Mwishoni mwa mwaka 2000 zikafungua kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Nairobi, KIXP, ili barua ya Nairobi ibaki Nairobi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa. Haukupita muda, CCK ikakifunga kituo hicho na kukiita haramu.

Tafakari hapo, msomaji. Tume iliyoundwa ili imlinde mtumiaji ilizima kifaa kilichompunguzia mtumiaji gharama, kwa ajili ya kulinda mapato ya kampuni moja ya serikali. Ilichukua karibu mwaka mzima wa barua, mikutano na hoja kabla ya tume hiyo kukubali kutoa leseni. KIXP ilirudi kazini Februari 2002, na hadi leo kingali kinafanya kazi. Kilichofungwa kama haramu ndicho kilichokuja kuwa nguzo.

Kwa hivyo jirani yangu alikuwa na sababu ya kucheka. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu, kwa sababu serikali hiyo hiyo imewahi kutufaa.

Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, njia ya polepole na ya gharama kubwa. Serikali ya Kenya ikaamua kutongojea wengine. Ilishirikiana na kampuni za mawasiliano kulaza waya wa TEAMS chini ya bahari, kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu hadi Mombasa. Waya wa SEACOM, uliogharimiwa na wafanyabiashara, ulianza kazi mwaka huo huo. Wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Vijana wanaotazama video leo bila kungoja hawajui kwamba tulikuwa tukifungua picha moja, tukaenda kupika chai, tukarudi kuikuta imefika nusu.

Hali kadhalika katika simu. Agosti 2010, CCK ilipunguza ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kutoka shilingi 4.42 hadi shilingi 2.21 kwa dakika. Mwezi huo huo vita vya bei vikazuka, na kampuni ya Zain, ambayo baadaye ilikuja kuwa Airtel, ikawauzia wateja dakika moja kwa shilingi 3. Hapo refa alipuliza kipenga kwa manufaa ya watazamaji.

Sasa tuwageukie wenye biashara. Kampuni haihitaji polisi wala amri ili kukufungia mlango. Inatosha iwe peke yake, kama ile ya jumba letu, au ikugawie intaneti kwa kijiko na kukuchagulia utakachokula.

Unakumbuka ile intaneti ya bure ya Facebook? Ililetwa Kenya Novemba 2014 kwa ushirikiano na Airtel, kwanza kwa jina la Internet.org na baadaye Free Basics. Mwenye simu aliweza kufungua kurasa chache zilizochaguliwa bila kulipa senti. Zawadi nzuri, au sivyo? Lakini jiulize: aliyezichagua kurasa hizo ni nani? Kijana wa Eldoret akianzisha ukurasa wake wa habari za wakulima, na wasomaji wake wanatakiwa kulipia huku wa wenzake ni wa bure, ataanzaje kushindana nao? Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Kule India wananchi waliuliza swali hilo kwa sauti. Walimiminia mamlaka yao ya mawasiliano barua kwa maelfu, na Februari 2016 mamlaka hiyo ikapiga marufuku kampuni kumtoza mteja bei tofauti kulingana na kile anachofungua. Facebook ikafungasha virago vya mradi huo nchini humo.

Huko Marekani nako wamekuwa wakibadilisha nia kama mtu asiyepata usingizi. Mwaka 2015 tume yao ya mawasiliano iliweka kanuni za kuzikataza kampuni kufunga kurasa fulani, kupunguza mwendo wa nyingine au kuwapisha wanaolipa zaidi. Mwaka 2017, baada ya chama kingine kuingia madarakani, tume ikazifuta. Mwaka 2024 zikarudishwa. Januari 2025 mahakama ya rufani ikazitupa nje. Funzo ni hili: ulinzi unaotegemea ni nani aliye ofisini hauchelewi kuondoka naye.

Hapa kwetu pia wananchi wamewahi kuuliza. Kwa miaka mingi ulinunua bando, na siku au mwezi ukiisha, kilichobaki kilipotea, kana kwamba mwenye duka angekuja jikoni kwako kuchukua unga usioumaliza. Mwaka 2019 malalamiko hayo yalifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya rufaa za mawasiliano. Oktoba mwaka huo Safaricom ikazindua bando zisizo na tarehe ya kwisha. Leo wengi wetu tunazitumia bila kukumbuka kwamba kuna wakati tuliambiwa jambo hilo haliwezekani.

Na ushindani? Starlink, ile ya setilaiti, ilianza kuuza huduma nchini Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, CA, iliyochukua nafasi ya CCK, ikiihimiza ifikirie kuwataka wenye setilaiti wafanye kazi chini ya kampuni zenye leseni humu nchini. Septemba 2024 Safaricom hiyo hiyo ikaongeza mwendo wa intaneti yake ya nyumbani bila kupandisha bei. Aliyekuwa akilipa shilingi 2,999 kwa mwezi alipanda kutoka Mbps 10 hadi 15. Kwa nini mwenye duka alitikisa debe mteja apate zaidi? Nakuachia ujijibu mwenyewe. Ninachojua ni kwamba duka jipya lilikuwa limefunguliwa ng'ambo ya barabara.

Basi, tumfuate binti au tumfuate jirani? Kabla hujajibu, acha nikukumbushe ile Juni 2024.

Jumanne, Juni 25, vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Siku moja kabla, CA ilikuwa imetoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuzima intaneti. Siku yenyewe, wakati waandamanaji walipokuwa wakiingia Bunge, mtandao ulididimia ghafla nchini kote. Wazazi waliokuwa na watoto katikati ya jiji walipiga simu za WhatsApp zisizoshika. Safaricom ilieleza kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimepata hitilafu. Wapo walioamini maelezo hayo, na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba kuna mkono uliozungusha ufunguo.

Mimi sitakuamulia. Linalonikera ni kwamba wewe na mimi hatukuwa na njia ya kuthibitisha. Tuliachwa tuchague nani wa kumwamini, kama mgonjwa asiyeonyeshwa cheti chake mwenyewe.

Novemba mwaka huo huo halikuwa suala la kuamini au kutoamini, kwani CA ilitoa amri waziwazi. Iliziagiza kampuni kuzuia Telegram wakati wa mtihani wa KCSE ili kukomesha wizi wa mitihani. Kama mzazi, nataka mtihani wa haki. Lakini kuna wanaofanya biashara na wanaosomea kwenye Telegram, wasio na uhusiano wowote na mtihani huo, nao walifungiwa. Ni sawa na kufunga soko zima la Gikomba kwa sababu ya mwizi mmoja wa mfukoni. Na tazama vizuri: serikali iliamuru, kampuni zikatekeleza. Mikono miwili, ufunguo mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, msomaji. Tumezoea kuuliza serikali au kampuni, kana kwamba ni fahali wawili wanaopigana daima. Wakipigana, ni kweli nyasi huumia. Lakini hatari zaidi ni pale wanapokubaliana na kulisha pamoja. Mwaka 2000 mlinzi wa sekta alimlinda mwenye mali. Serikali iliyoweka refa uwanjani ilikuwa pia na timu yake ikicheza. Hata juzi, serikali ilipotangaza Desemba 2025 mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya hisa za Safaricom, ilikuwa ikimiliki asilimia 35 ya kampuni hiyo. Siku kampuni kama hiyo inapoambiwa na mwenye hisa izime, nani ataisaidia kusema hapana?

Jibu langu, kwa hivyo, ni kwamba mfereji usiachiwe mkono mmoja, na popote mikono miwili inaposhikana, awepo wa tatu wa kuuliza. Tunahitaji njia nyingi, ili ikifa moja tuhamie nyingine. Tunahitaji kanuni zilizoandikwa, si amri za simu. Na tunahitaji mahakama inayofikika. Mei 2025, baada ya mashirika kadhaa ya kiraia kwenda kortini, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa agizo la muda la kukataza kuvuruga intaneti wakati kesi yao ikiendelea. Agizo hilo liliwalenga maafisa wa serikali na kampuni za mawasiliano kwa pamoja. Jaji hakuchagua fahali. Aliwafunga kamba wote wawili.

Hata hivyo si kila mmoja wetu atakwenda kortini. Yapo madogo tunayoweza kufanya nyumbani.

Kwanza, kabla ya kulipa nyumba, usiulize maji na stima pekee. Uliza ni kampuni ngapi za intaneti zinazoruhusiwa kuingia. Ikiwa ni moja, fahamu kwamba unapangishwa na wawili.

Pili, huduma ikikatika, usiishie kupiga simu na kufoka. Andika. Omba nambari ya lalamiko, weka tarehe, hifadhi ujumbe. Kampuni ikikupuuza, peleka lalamiko hilo kwa CA. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki isiyodaiwa hulala.

Tatu, ukipewa cha bure kwenye simu, uliza kinalipiwa na nani na kimekunyima nini.

Nne, miswada ya mawasiliano ikifika bungeni na wananchi wakaitwa kutoa maoni, usiseme hayo ni ya mawakili. India hawakushinda kwa mawakili pekee.

Tano, ninyi wanafunzi: msingoje dakika ya mwisho. Najua binti yangu atasoma hapa na kununa, lakini kazi iliyokamilika Alhamisi ingetumwa Alhamisi.

Na jumba letu? Wapangaji tulikutana ngazini jioni moja. Mwalimu wa ghorofa ya tatu akaandika barua ya heshima kwa mwenye jumba, sote tukatia sahihi. Hatukutukana mtu. Tulisema tu kwamba tunalipa kodi kwa wakati, watoto wetu wanasoma, na tunaomba waya wa pili. Wiki tatu zilipita kimya. Ya nne, msimamizi alinisimamisha langoni akitabasamu.

"Mama Baraka, yule kijana wako wa ngazi, unayo nambari yake?"

Kampuni ya kwanza bado ipo, na majirani kadhaa wangali wateja wake. Jambo moja limebadilika. Mwezi uliopita ilipokatika, fundi alifika siku iyo hiyo.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.